Sekunde Ishirini za Marehemu

Jina lake liliposomwa miongoni mwa wafu, Kamene alikuwa amesimama wima, mikono ameifumbata kifuani, akiwaombea marehemu kwa moyo mweupe kabisa. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kama chungu kilichofunikwa. Gikonyo, katibu wa chama cha wastaafu wa simu, alikuwa akisoma orodha kwa ile sauti yake ya makaburini ambayo humwongezea urefu kila mwaka: fulani wa Kitui, fulani wa Makueni, na Kamene wa Katelembo, aliyekuwa mwendesha simu wa Machakos kwa miaka thelathini na mmoja. Kamene akainamisha kichwa zaidi. Si adabu kuvunja kimya cha wafu, hasa ukiwa mmoja wao.

Dakika ya kimya ilipokwisha na viti vikakwaruza sakafu, yeye hakuketi.

"Katibu," alisema, "nashukuru kwa heshima mliyonipa. Ila naomba kuelekezwa: sisi wafu wali wetu unapakuliwa wapi? Hii foleni ya walio hai naisikia ni ndefu."

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mama mmoja wa Kangundo alipaliwa na soda mpaka akapigwa mgongoni. Gikonyo alishuka jukwaani mbio mbio, karatasi mkononi.

"Kamene! Jamani! Mimi sijakuua. Ni kompyuta imekuua."

"Basi iambie kompyuta ilete ng'ombe wa matanga."

Watu wakacheka tena, naye akacheka nao, akapakuliwa sahani mbili kama alivyodai, moja ya Kamene na moja ya marehemu. Lakini sahani ya marehemu aliisukuma pembeni bila kuionja. Kucheka kulikuwa mlango wake wa nyuma. Mtu akimgusa penye kidonda, yeye alishatoka zamani, na nyumba akamwachia mgeni.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka huo wa 2006, chama kilikuwa kimejinunulia ukurasa kwenye mtandao, na kila mwanachama alitakiwa kuingia humo mwenyewe, ajaze fomu, athibitishe kwamba angali anavuta pumzi. Asiyethibitisha kwa miezi mitatu alihamishwa kwenye orodha ya waliotangulia. Mwezi wa Desemba orodha hiyo ingepigwa chapa katika kijitabu cha kumbukumbu, chenye msalaba kwenye jalada, kisambazwe matawi yote. Asiyekuwepo na lake halipo.

"Mimi si nimekupigia simu nikakwambia niko hai?" Kamene alimuuliza Gikonyo.

"Ulinipigia. Na mimi nilikuamini. Lakini mtambo hautaki kusikia kutoka kwangu. Unataka kusikia kutoka kwako."

Mtambo ungekuwa umesikia kutoka kwake mara nne, kama ungekuwa na masikio. Kamene alipofushwa na surua akiwa na umri wa miaka minne. Alisoma nukta nundu mpaka darasa la saba, kisha akaketishwa mbele ya swichibodi, na huko vidole vyake vilijulikana wilaya nzima. Alipostaafu alikataa kuketi kivulini akichambua mbaazi. Kila Jumanne na Alhamisi alishuka mjini kutoka Katelembo hadi kwenye saiba ya Waithira, duka la mtandao nyuma ya soko, ambako upande mmoja ziliuzwa sare za shule na upande mwingine zilipangwa kompyuta sita. Ya sita, pale pembeni, ilikuwa na programu inayosoma skrini kwa sauti. Haikuwa programu kamili, ilikuwa ile ya kuonjwa: ikisema dakika arobaini hukata roho, mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Sauti yake ilikuwa ya Mzungu asemaye kwa puani, na Kamene alimpa jina la Bwana Puani.

Mara nne Bwana Puani alikuwa amemsomea ukurasa wa chama. Alianzia juu, kama kuhani asomaye ukoo wa Abrahamu. Nyumbani. Kuhusu sisi. Matawi yetu. Picha. Picha. Picha. Kufikia penye fomu, chai ilikuwa imeshapoa. Kamene alijaza jina, nambari ya uanachama, tawi, jina la mama mzazi, na mara nne, akiwa katikati ya kumwandika mama yake, ukurasa ulijifunga na kumrudisha Nyumbani.

"Cucu, si nikujazie tu?" Waithira alisema mara ya nne. Yeye alikuwa mtu wa Murang'a, aliyefuata biashara Machakos akaota mizizi, na kwa heshima na utani alimwita Kamene nyanya kwa lugha ya kwao. "Ni dakika mbili, halafu unafufuka."

"Hapana, mama wa sare. Nikifa nitajifia mwenyewe. Na maadamu niko hai, nitajithibitisha mwenyewe."

"Kiburi hicho."

"Ndicho nilichobakiza. Macho niliyarudisha mapema."

Alhamisi iliyofuata alimweleza Kitheka. Huyu alikuwa mwalimu wake wa kompyuta, kijana mwenye diploma aliyemwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na ambaye naye macho yake yalikuwa ya mkopo: hata akivaa miwani, ili asome ilimbidi apake pua yake kwenye kioo cha skrini. Waithira alikuwa akifuta kioo hicho kila jioni akinung'unika. Kitheka aliufungua ukurasa wa chama, akapaka pua, akasubiri. Kufika dakika ya tano alishtuka.

"Mwaitu, lakini ukurasa unakuonya! Kuna kisanduku kimetokea. Kinasema muda unaisha, una sekunde ishirini, bonyeza kitufe chake uongezewe."

"Kimetokea wapi?"

"Huku chini. Chini kabisa."

"Na mimi niko wapi?"

Kitheka akasikiliza. Bwana Puani, aliyekuwa ameanza upya kutoka juu, alikuwa kwenye picha ya pili. Sekunde ishirini zikapita, ukurasa ukafunga. Kisanduku kilikuwa kimemwonya Kamene kwa uaminifu mkubwa, kama mtu anayepunga mkono kwa kipofu.

Kitheka aliinua pua kutoka kwenye kioo. Halafu alianza kucheka, cheko la mtu aliyegundua jambo asilopenda.

"Unajua ni nini, Mwaitu? Kuna kikundi cha kimataifa kinachoandika kanuni za kurasa za mtandao, ili kila mtu aweze kuzitumia. Vipofu, viziwi, wasio na mikono, sisi sote. Za kwanza walizitoa mwaka wa tisini na tisa. Sasa wanaandika za pili, na rasimu wameitandaza hadharani mtu yeyote aitie kasoro. Ninayo hapa. Kuhusu muda, wanasema: mtu aonywe, na apewe angalau sekunde ishirini za kuomba nyongeza." Akavuta pumzi. "Mwaitu, kwa mujibu wa rasimu hii, umekufa kihalali."

Waithira aliangusha mkasi wake wa kukatia vitambaa. Kamene ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa sauti. Lakini kicheko kilipomwisha, alibaki ameshika ukingo wa meza.

"Hao watu wanapokea barua?"

"Wanapokea. Tena wamejiwekea sharti: kila oni litakaloletwa ni lazima lipewe nambari, lijadiliwe, na mwenyewe ajibiwe. Hata liwe la nani. Mwisho ni wiki ijayo."

"Mimi nimeishia darasa la saba."

"Sharti halisemi darasa."

Kamene alirudi Katelembo, na wiki nzima aligombana na kichwa chake mwenyewe. Kwenye swichibodi alikuwa amefundishwa amri moja iliyozizidi zile kumi: mwendesha simu hana neno lake. Aliwaunganisha wakuu wa wilaya na wake zao, na wakuu wa wilaya na wasio wake zao. Aliunganisha habari za vizazi na za vifo, posa zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Naye hakuwahi kutia neno ila "Ongea sasa" na "Dakika tatu zimekwisha." Maneno yote ya dunia yalipita mikononi mwake kama maji mferejini, na mfereji haunywi. Labda ndiyo maana akawa mtu wa mizaha: alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya maneno yaliyomganda kooni, nayo yalikuwa yakitoka kwa vipande, yamevaa vinyago.

Na sasa aambiwe aseme neno lake, kwa uso mkavu, kwa watu asiowajua? Alijaribu kulitunga akiwa anapalilia, akalitunga akiwa anapika isyo, mahindi yake na maharagwe. Kila alipolianza liligeuka mzaha. Lakini kila alipoacha, alisikia ile sauti ya makaburini ya Gikonyo ikilisoma jina lake, na watu wema wakisimama.

Siku ya mwisho ilipofika, aliketi kwa Bwana Puani na kuwakataza Kitheka na Waithira kusogea. Kiingereza alikuwa nacho, Kiingereza cha simu: kifupi, chenye adabu, kisicho na shanga. Aliandika, akatuma. Akaandika tena, akatuma. Kompyuta ilikata roho mara moja, ikawashwa, akaendelea. Kitheka aliyekuwa akipiga soga na Waithira hakujali mpaka alipoombwa ahakikishe kwamba zote zimekwenda.

"Zote?" Akapaka pua. "Mwaitu! Umetuma barua pepe saba?"

"Nimeziachia kila dakika tatu. Simu ya masafa haizidi dakika tatu bila kukatwa. Mtu mwingine naye anataka laini."

"Lakini hii si simu! Na hii ya kwanza..." Alisoma, akashika kichwa. "Hii ya kwanza ni salamu!"

"Ulitaka nianze na shida? Nyumbani kwa watu? Nimewasalimu, nimewauliza habari za mvua, na kama mifugo ni mizima."

"Mwaitu, kila oni wanalipa nambari. Watakaa kikao, watu wazima, wajadili mvua!"

"Ni vizuri. Mvua ni jambo la kujadiliwa."

Waithira alicheka mpaka akaegemea mashati ya sare. Kitheka aliona aibu ya siku tatu. Alifikia hata kuanza kuandika barua ya kuomba radhi kwa niaba ya wilaya nzima, kisha akaifuta. Kamene naye, akiwa peke yake njiani kurudi, alikuwa anawaza ile ya saba. Sita alizitia chumvi. Katika moja aliwaambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, akawauliza ni wangapi kati yao wanaolala humo. Katika nyingine aliwaambia kwamba kanuni yao ya kuandika kwa lugha nyepesi ilikuwa imeandikwa kwa lugha nzito kiasi kwamba mwenye diploma ameisoma mara tatu na pua imemuuma. Ila ya saba haikuwa na mzaha hata mmoja. Ilikuwa na sentensi mbili tu, na aliituma haraka, kama mtu anayemwachia ndege kabla hajabadili nia.

Majibu hayakuja Juni, wala Julai ile ya baridi na ukungu inayoificha milima ya Iveti mpaka saa nne. Kitheka alisema kuna mamia ya maoni kutoka duniani kote, yanakwenda foleni. Gikonyo alipita siku moja dukani kununua sare ya mjukuu, akaulizia hali ya marehemu.

"Anaendelea vizuri," Kamene alijibu. "Anasubiri rufaa."

"Kijitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Desemba mosi, Kamene. Nakuomba. Mwache Waithira akujazie, nisiaibike."

"Wewe ulikuwa na aibu wapi, Gikonyo, ulipokuwa ukinisoma vizuri vile?"

Mwezi wa Agosti, Alhamisi, Bwana Puani alimtangazia barua pepe saba mpya. Kamene aliwaita wote wawili. Kitheka akapaka pua lakini hakuruhusiwa kusoma. Bwana Puani alisoma mwenyewe, kwa ile sauti yake isiyojua kucheka:

"Oni la kwanza kati ya saba. Asante kwa oni lako. Kikundi kimelijadili. Oni hili halihitaji mabadiliko katika rasimu. Mvua imenyesha kwa wajumbe kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Mjumbe mmoja ana mbuzi wawili, na ni wazima. Tafadhali tujulishe kama umeridhika na jibu hili."

Waithira alikuwa ameketi sakafuni, machozi yakimtoka. Kitheka alirudiarudia, "Wamejadili mbuzi. Wamejadili mbuzi," na aibu yake ya siku tatu ikamwondoka kama homa. Kamene alitulia tuli, viganja juu ya kibodi. Mahali fulani duniani watu kumi na wanne wameulizwa hali, nao wamejibu.

Yaliyofuata hayakuwa matamu yote. Kuhusu kitanda na kunguni, kikundi kilimjibu kwamba wajumbe wake watatu ni vipofu na mmoja hawezi kutumia mikono, na kwamba kunguni wanawajua kwa majina. Kamene aliguna, akakubali kwamba hapo ameshikwa. Kuhusu lugha nzito walisema wataitazama upya, lakini waliendelea kuiandika kwa lugha nzito. Na lile la saba walisema hawakulielewa sawasawa. Je, mwandishi angekubali kujiunga na kikao chao? Vikao vyao, barua ilieleza, hufanywa kwa simu.

"Kwa kitu gani?" Kamene aliuliza.

"Kwa simu, Mwaitu. Wako nchi mbalimbali. Wote wanaingia laini moja."

"Laini moja, watu kumi na wanne? Nani yuko kwenye swichibodi?"

"Mtambo."

"Ndiyo maana hawaelewani."

Siku ya kikao, saa kumi na moja jioni, simu ya duka iliwekwa katikati ya meza ya kukatia vitambaa. Waithira alikuwa amefunga mlango wa mbele akaandika kwa chaki kwamba kuna mkutano wa kimataifa, jambo lililoleta watu wanne kuchungulia dirishani. Kamene alikuwa amevaa nguo ya Pasaka. Simu ililia, akaipokea, na laini ikamfungukia sikioni.

Alijua mara moja. Huyo ni mwanamke, mwenyekiti, anajiita Solveig, anaketi chumba kisicho na zulia. Yule mzee anakunywa kitu cha moto. Kuna mmoja yuko mbali sana, sauti yake inafika imechoka. Na kuna ngurumo nzito, kama tingatinga, inayofunika kila neno la tatu. Watu walikuwa wakipaza sauti juu yake, wakirudia, wakiombana radhi. Kamene alijizuia. Mwendesha simu hana neno lake. Ngurumo ikaendelea. Solveig akauliza kitu, nusu yake ikamezwa.

Kamene hakuweza kuvumilia tena.

"Samahani, laini," alisema kwa Kiingereza chake cha zamani. "Kuna bwana mmoja anapumulia mdomo wa simu. Tafadhali, bwana, ishushe chini ya kidevu."

Ngurumo ikatoweka kama iliyokatwa kwa kisu. Kisha laini nzima, kutoka kila pembe ya dunia, ikaangua kicheko, na mwanamume mmoja akasema kwa unyonge kwamba wamekuwa wakiitafuta hitilafu hiyo tangu Januari.

"Nadhani Machakos wameingia," alisema Solveig. "Karibu, Bi Kamene. Oni lako la saba linasema: *Naomba ukurasa unitafute mahali nilipo kabla haujanifunga. Usiniache nife huku onyo langu likiwa limesimama chumba kingine.* Tungependa kuelewa."

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni, umevaa viatu. Ulikuwa mzuri, kuhusu wafu na wali. Aliuhisi ukitikisika. Upande wa pili watu walikuwa wakisubiri, na kusubiri kwao alikusikia, maana sikio lake lilikuwa limetumia maisha kuusikiliza ukimya wa laini na kuujua: huu wa mtu aliyechoka, huu wa mtu aliyekata, huu wa mtu anayetaka kusikia. Huu ulikuwa wa tatu. Haukuwa umemlenga mtu mwingine ambaye yeye amuunganishe. Waya ulikuwa umeishia kwake.

"Naomba kila mmoja afumbe macho," alisema. "Wale watatu mnisamehe, ninyi mmeshafumba. Mimi nitawasomea ukurasa wa chama chetu jinsi unavyosomwa kwangu. Onyo limetokea sasa hivi. Mna sekunde ishirini. Mkilisikia, semeni."

Akatoa saa yake ya mkononi, ile ya kupapasa mishale, akaweka kidole.

"Nyumbani. Kuhusu sisi. Matawi yetu. Picha. Picha isiyo na jina. Picha, mwenyekiti akikata keki. Picha. Wasiliana nasi. Rudi juu. Picha. Habari mpya: hakuna habari mpya. Picha..." Akasimamisha kidole. "Dakika zenu zimekwisha, laini. Poleni kwa msiba."

Hakuna aliyepumua, hata yule wa ngurumo. Halafu sauti mpya, ya mwanamume aliyekuwa hajasema, ikacheka polepole. "Mimi ni mmoja wa wale watatu," alisema. "Nimekuwa nikilieleza jambo hili kwa miezi mitano, kwa michoro."

Walibishana nusu saa nzima, na ilikuwa raha kuwasikia. Kijana mmoja mhandisi alisema ishirini ilichaguliwa kwa sababu: inamtosha karibu kila mtu kubonyeza kitufe akishajua. "Akishajua," alisema Kamene. "Hapo ndipo nilipofia." Mhandisi akasema, kwa sauti ya mtu anayejitoa mwiba mwenyewe, kwamba ni kweli. Mzee wa kinywaji cha moto akataka zisemwe sekunde sitini. Aliye mbali akaogopa benki, ambazo hazitaki ukurasa wa pesa ukae wazi. Solveig aliwapokeza maneno, na mara mbili, walipogongana wawili, Kamene aliwatenganisha: "Bwana wa mbali kwanza. Bwana mhandisi, subiri laini." Wakamtii.

Mwishowe ishirini ikabaki ishirini. Lakini katika kitabu cha maelezo kinachoandamana na kanuni waliamua kutia mfano: onyo lisikae tu mahali likitazamwa, bali lipelekwe moja kwa moja kwa anayesikiliza, popote alipo kwenye ukurasa, lisomwe kwanza kabla ya lolote. Solveig akamuuliza rasmi kama ameridhika, maana lazima iandikwe.

"Nusu," alisema Kamene. "Kuhusu ile lugha nzito, andika kwamba wa Machakos amekataa."

"Imeandikwa."

Kamene aliiweka simu chini. Waithira alimkumbatia, Kitheka akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na doa. Watu wanne wa dirishani walipiga makofi bila kujua ni kwa nini. Kamene alikaa akisikiliza. Sauti yake mwenyewe aliyoisikia kwenye ile laini, ikisema maneno marefu, yaliyopangwa, mpaka mwisho wake, alikuwa hajawahi kukutana nayo. Haikuwa mbaya. Ilikuwa na ukwaruzo kidogo, kama mlango wa mbele usiofunguliwa mara kwa mara.

Kitheka alimpelekea Gikonyo nakala ya mfano huo, na Gikonyo, aliyekuwa anaogopa zaidi kijitabu kuliko Mungu, alimpigia aliyetengeneza ukurasa mara tatu kwa siku mpaka fundi huyo akashindwa kulala. Mvua za vuli zikafika. Jumanne ya tatu ya Novemba, Kamene aliketi tena pembeni, mbele ya kompyuta ya sita, mabati ya duka yakinguruma juu kwa mvua.

Bwana Puani akaanzia juu. Nyumbani. Kuhusu sisi. Kamene hakuwa na haraka. Aliandika jina lake, nambari, tawi. Alimwandika mama yake, herufi kwa herufi, mpaka mwisho wake. Simu ya duka ikalia. Waithira akaishikilia sikioni mwa Kamene.

"Kamene!" alipiga kelele Gikonyo. "Niko mbele ya orodha hapa ofisini, natazama. Mbona bado umekufa?"

"Ngoja kidogo, katibu. Natafuta viatu."

Zilibaki hatua mbili tu, kitufe cha kusogea na kitufe cha kutuma. Kidole chake kilikuwa kimeshafika. Ndipo Bwana Puani alipojikatiza mwenyewe katikati ya neno, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamgeukia yeye, pale pale alipokuwa.

"Muda wako unakaribia kwisha. Je, unahitaji muda zaidi?"

"Umeshamaliza, Mwaitu," Kitheka alinong'ona. "Tuma tu."

"Nimesikia. Hii ni mara ya kwanza naulizwa."

Mvua ilikuwa inapiga. Harufu ya vitambaa vipya na ya udongo ilikuwa imejaa duka. Nje mtu alikuwa akimcheka mwenzake aliyeteleza kwenye matope, na mwenzake akicheka pia. Kamene alijinyoosha kitini, akaweka mguu juu ya mguu, akabonyeza ndiyo.

Baada ya dakika tano akaulizwa tena, kwa adabu ile ile, na akasema ndiyo.